Fundi ni baba yangu mdogo, nikamletea mkaguzi wa nje: kilichokuwa chini ya chumba cha mama huko Bukima

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Leo nimekuja na yangu mwenyewe, sio ya kusimuliwa. Mnaojua kunusa chai, nuseni mpaka mwisho, hamtakuta majani.

Mimi ni mwalimu, nafundisha Bunda. Kwetu ni Bukima, kule ziwani, na mama bado anaishi huko. Baba alishatangulia.

Nyumba ya zamani ya mama ilikuwa na ufa chumbani kwake, ukuta wa upande wa kichwani. Ufa wa kupitisha kiganja. Mvua ikianza tu, anasogeza kitanda katikati ya chumba ili ukuta ukianguka usimkute.

Mimi huku Bunda nikisikia mvua kwenye bati napiga simu. "Mama, umesogeza kitanda?" Ndiyo ilikuwa salamu yetu ya masika.

Basi nikajipinda, nikaamua kumjengea.

Fundi hakuwa wa kutafuta. Ni baba mdogo Majura, mdogo wake marehemu baba, kajenga nusu ya nyumba za pale kijijini. Kwetu ukimruka fundi wa ukoo ukachukua wa nje, jiandae kusemwa hadi kwenye misiba.

Kiwanja ni hapo hapo nyumbani. Bamdogo alipochimba mtaro wa msingi, upande wa sebuleni akakuta mwamba. Mnaoijua Musoma vijijini mnayajua mawe yetu, yametapakaa kama ng'ombe waliolala.

Wakuu, ilikuwa sherehe! Mchungaji akaja kuombea msingi, akahubiri habari ya nyumba iliyojengwa juu ya mwamba, kina mama wakapiga vigelegele. Mama akalia. Na mimi msomi wenu nikaitikia amina kubwa kuliko wote.

Sasa, shuleni kwetu kulikuwa kunajengwa madarasa. Kuna injinia mmoja, mama wa makamo kutoka Musoma mjini, nimwite Injinia Rhoda, alikuwa anakuja kukagua. Nilimwona akizuia zege lisimwagwe mpaka ashuke mwenyewe kwenye mtaro.

Nikamuuliza kwa nini asisubiri jengo liishe akague lote kwa pamoja.

"Mwalimu, kikishafunikwa nitakagua nini? Rangi?"

Lile jibu lilinikaa. Nikamwomba aje Bukima kabla bamdogo hajamwaga zege la msingi.

Bamdogo nilimwambia asubuhi ile ile anayokuja injinia. Uoga tu, wakuu, nisiwafiche.

"Kwa hiyo umeniletea polisi?" akaniuliza. "Mimi nimejengaga hapa kabla hujazaliwa, leo unaniletea mtu wa kunichungulia?"

Nilitamani nidumbukie kwenye ule mtaro wanifukie.

Injinia Rhoda alifika, akampa bamdogo shikamoo yake, akasifia jinsi kamba zilivyonyooka (zilikuwa zimenyooka kweli). Halafu akamwomba achukue mtaimbo, apige chini ya mtaro kuanzia sebuleni kuelekea chumba cha mama.

Bamdogo akapiga. Mtaimbo ukagonga jiwe ukarudi. Akasogea, ukagonga tena. Alipovuka katikati ya nyumba, ukazama. Akauchomoa, akapiga pembeni. Ukazama tena, mpaka karibu na mkono wake.

Kwa kifupi injinia alitueleza hivi: nusu ya nyumba imekaa juu ya jiwe lisiloshuka, nusu juu ya udongo utakaoshuka, kwa hiyo nyumba itapasuka pale zinapokutana. Dawa yake ni kuchimba upande laini mpaka ardhi ngumu, kujenga kutokea huko chini, kisha mkanda wa zege wenye nondo uzunguke msingi mzima.

Na upande laini ndiko chumba cha mama.

Bamdogo hakubisha. Alikusanya vifaa vyake akaondoka, mtaimbo akauacha mtaroni. Siku zikapita haonekani saiti, hata kanisani ananipita kama mgeni. Niliumia sana. Niliona nimeokoa msingi nimempoteza baba wa pili.

Aliyeweka mambo sawa ni mama. Alimfuata kwake na sato wake kwenye beseni, mimi nikiwa nyuma kama mtuhumiwa. Hakuongea mengi.

"Shemeji, humo ndani nitalala mimi, sio huyu mwalimu. Mimi nimechoka kuhamishaga kitanda."

Bamdogo akauliza mtaimbo tuliuweka wapi.

Wakachimba. Badala ya ardhi ngumu wakakuta majivu, vigae vya vyungu, mifupa ya samaki. Bamdogo akaacha koleo, akacheka mpaka akakaa chini.

"Jamani! Si hapa tulichimbaga udongo wa tofali za kaka? Mimi mwenyewe nilichimbaga!"

Yaani shimo lililotoa tofali za nyumba ya zamani lilijazwa takataka miaka na miaka, mama akaja kupanda mihogo juu yake, ukoo mzima tukasahau. Tulikuwa tunaenda kumlaza mama juu ya shimo lile lile, na amina tumeshaitikia!

Wakatoa takataka zote mpaka ardhi ngumu, na kuanzia hapo kazi ilienda kwa raha. Injinia alirudi kabla ya jamvi, lile zege la sakafu, kumwagwa. Ilipofika lenta, mkanda wa juu ya madirisha, aliyenipigia simu ni bamdogo.

"Huyo mama injinia yuko wapi? Mimi siku hizi simwagagi zege kabla hajaona."

Nilicheka peke yangu ofisini. Nyumba ikaisha, mama akahamia.

Wakuu, kama unajenga, tafuta jicho la tatu. Mtu asiye ndugu wa fundi wala wa mwenye duka la simenti, na umwite kabla kitu hakijafunikwa. Sio kwamba fundi wako ni mwizi. Bamdogo hakuniibia hata tofali, tulikosea wote kwa furaha. Ila nawashauri, fundi aambiwe mapema, sio asubuhi ile ile kama nilivyofanya mimi.

Namshukuru Mungu, namshukuru injinia, na bamdogo nampenda kuliko zamani.

Nyie mliojengewa na ndugu, mlikaguaje bila kuvunja undugu? Tupeni uzoefu, na wenye kunisema nisemeni tu, nipo nasoma.

Hapa Bunda mvua imeanza muda huu ninaoandika. Simu iko mezani. Sijampigia mama kumuuliza habari ya kitanda.