Gesti ya Vigae Kibondo

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwaka 2013, nimekaa ukingoni mwa kitanda kikubwa kupita kiasi katika gesti moja ya Kibondo, nimevaa sweta na viatu, mkoba mapajani, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina. Hiyo ndiyo likizo, mwanangu. Likizo yangu ya kwanza na ya mwisho ya kulipia kitanda. Na kwa kuwa umeniuliza wewe na mwenzako mlale gesti gani mkija huku kwetu milimani baada ya harusi, itabidi usikilize yote. Najua una haraka, lakini basi la Kibondo halina.

Wakati huo nilikuwa binti wa miaka arobaini na sita. Cheka tu, meno ni yako. Tangu nimalize kidato cha nne sikuwahi kulala nje ya Kasulu isipokuwa msibani, na msibani hakuna anayeuliza kama godoro ni zuri. Majirani walikuwa wakinitania kwamba nikifika Busunzu, hapo njiani tu, nitaomba pasipoti. Mume wangu alikuwa ameshatangulia, watoto wameoa na kuolewa mbali. Nyumba ilibaki na mimi na kuku, na kuku wenyewe walikuwa na mambo yao.

Niliyekuwa namngoja pale gesti ni Skolastika. Tulisoma pamoja sekondari, yeye kitanda cha juu, mimi cha chini, tukaahidiana kwamba siku moja, tukishamaliza kulea, tutapumzika pamoja kama watu wenye nafasi zao. Yeye akaishia Mwanza, kazi yake kusambaza vitabu mashuleni. Miaka ikapita, simu zikawa za sikukuu tu. Mwaka ule akapiga siku isiyo na sikukuu: "Shoga, nina wiki ya likizo. Nakuja huko kwenu tupumzike."

Nilifurahi mpaka nikaunguza maharage. Halafu nikaitazama nyumba yangu. Jiko la kuni uani, choo cha shimo, viti vinne ambavyo viwili ni vya kutazama tu, ukikalia shauri yako. Skola wa Mwanza akae hapa? Nikapanda basi kwenda Kibondo, mbali na macho ya majirani, nikachagua gesti kwa akili ya mtu asiyewahi kulala gesti: vigae mpaka ukutani, televisheni, choo ndani, mapazia yenye rangi ya dhahabu. Nikampigia nikiwa chumbani, nikamsifia kimoja kimoja. Akasema, "Haya. Tutaona." Mimi wala sikuisikia hiyo "tutaona." Nilikuwa bado naeleza mapazia.

Gesti ile ilijengwa enzi za makambi, magari meupe ya mashirika yakijaa uwanjani. Wakimbizi wengi waliporudi kwao, mashirika nayo yakafunga virago, vyumba vikabaki na mapazia yao. Mgeni nilikuwa peke yangu kwenye korido ndefu. Nikikohoa, korido inakohoa nami. Hata sisi Waha, watu wa kusalimiana kwa makofi mpaka uji upoe, pale sikupata wa kumpigia makofi. Alikuwapo dada wa mapokezi tu.

"Mama, huyo mzee anafika saa ngapi?" akaniuliza.

"Mzee gani?"

"Unayemsubiri."

"Namsubiri mwanamke mwenzangu, nimesoma naye."

Akaniangalia kwa huruma, kama anayenisitiri. "Sawa, mama. Sisi hatusemi kitu."

Kila nikimpigia Skola, ni kesho. Kesho ikifika, ni kesho nyingine. Televisheni ilikuwa inawaka jenereta likiwashwa, na nilipoona nimeanza kumjibu msomaji wa habari, nikatoka nje kabla hajanijibu na yeye.

Nyuma ya soko nikamkuta Bi Zuhura anapika vitumbua. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Tanga, aliyeletwa huku na mumewe mfanyabiashara. Alikuwa na nyumba ndogo yenye ua katikati, vyumba vitatu vya wageni na cha nne chake mwenyewe.

"Wewe ndiye mgeni wa kule kwenye vigae?"

"Ndiye mimi."

"Umelala vipi?"

"Pazuri, Bi mkubwa. Pasafi sana."

"Nimekuuliza umelala vipi. Sikukuuliza wamepiga deki vipi."

Nikajikuta namweleza yote, kitumbua kinapoa mkononi. Akageuza vyake kwenye karai bila kunitazama, kisha akasema, "Na huyo shogaako, ulimuuliza anataka kulala wapi?"

Nikang'ata kitumbua kilichokwisha poa.

"Ala! Umemchagulia mtu mzima usingizi wake! Haya, mpigie. Hapa hapa, nami nisikie."

Nikapiga. "Skola, niambie ukweli. Unakuja au huji?"

Nyuma yake nikasikia redio na maji yakimwagwa.

"Shoga, usikasirike," akasema. "Mimi gesti ndiyo kazi yangu. Mwezi mzima niko Geita, Sengerema, Biharamulo, mapazia ni hayo hayo, kisabuni ni hicho hicho. Nilitaka kwako. Nikae jikoni unipikie ugali wa muhogo na samaki wenu wa migebuka, tusemane mpaka tuchoke. Ulipopanga tukutane Kibondo nikajua hutaki nifike kwako. Nikaona nibaki nifue mapazia yangu."

"Basi njoo! Narudi Kasulu leo hii!"

"Kesho kutwa naripoti kazini, mwenzangu. Njia yenyewe inakula siku nzima."

Bi Zuhura alisikia kila neno. Niliogopa atanisema tena, lakini aliniwekea chai, akavuta kigoda chake karibu na changu, tukanywa bila kuongea. Ndiyo saa pekee niliyopumzika katika likizo ile.

Skola amestaafu sasa, anakaa kwa mwanawe Arusha. Bado tunapigiana Krismasi, tunaambiana mwaka kesho, na magoti yake na yangu yanasikiliza huku yakicheka. Jikoni kwangu hajawahi kukanyaga.

Sasa nasaha, mwanangu. Kabla hujaitazama gesti, mtazame mwenzako, umuulize amechoka na nini. Aliyechoka na makelele mtafutie kilima. Aliyechoka na upweke usimfungie kwenye chumba chenye kufuli zuri. Mkishajua hilo, chagueni nyumba ndogo ambayo mwenyewe analala humo humo, kuna sufuria motoni, na asipowaona mpaka saa nne asubuhi anakuja kugonga kuuliza kama mko wazima. Usichague kwa ajili ya macho ya watu. Hao watu hawalali na nyinyi.

Na mimi hapa Kasulu nina chumba, choo bado cha nje. Sisemi mje, wala sisemi msije. Nauliza tu, na safari hii nasubiri jibu: mngependa kulala wapi?

Popote mtakapolala, Mungu awape dirisha linalofunguka, asubuhi isiyo na haraka, na kila mmoja awe na wa kugombania naye blanketi mpaka mzeeke.