Sauti Mpya ya Lorraine Ackroyd

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Lorraine Ackroyd anaketi peke yake mbele ya kipaza sauti, katika studio ndogo isiyo na dirisha jijini London. Anakunywa maji ya uvuguvugu. Anafumba macho kidogo, midomo ikitikisika, kisha taa nyekundu inawaka.

"Habari za asubuhi," anasema. Sauti ni nzito, ina mikwaruzo.

Nyuma ya kioo, fundi mitambo Nadeem Qureshi anamwinulia dole gumba.

Lorraine, 57, ni mtangazaji wa redio ya mazungumzo. Hasomi habari wala hahoji mawaziri. Kazi yake ni ile nafasi finyu kati ya kipindi na kipindi: anawaaga wakulima na kukaribisha habari, anafunga ibada ya asubuhi na kufungua mjadala wa akina mama. Baadaye yatakuja maswali ya bustani, vichekesho na mchezo wa redio.

"Mimi ni kizingiti," anasema. "Watu wananivuka wakienda chumba kingine."

Februari alipasuliwa tezi ya shingo. Uvimbe ulitoka, lakini mshipa wa fahamu unaoendesha sauti ukajeruhiwa. Kwa muda mrefu alikuwa akinong'ona tu. Aliishi kwa nusu mshahara, akifanya mazoezi ya sauti pamoja na mama yake, Enid, 84, aliyetoka Halifax, kaskazini mwa Uingereza, kuja kumuuguza na hadi leo hajarudi.

"Nilimwomba Mungu anirudishie sauti yangu ile ile," anasema Lorraine. "Sikumwachia nafasi ya kunichagulia nyingine."

Leo ndiyo siku ya majaribio. Mkuu wake, Rhodri Beynon, amemweleza waziwazi: sauti ikihimili zamu nzima, atarudi kwenye kazi yake. Isipohimili, atahamishiwa ofisi ya kupanga vipindi, na kipaza sauti atakiaga.

Saa tatu inakaribia. Kabla ya kila saa kamili redio hutoa milio sita mifupi, na ni mwiko mtangazaji kuendelea kusema milio ikilia. Lorraine ameandika maneno yake kama alivyozoea miaka yote, yakijaza nafasi hadi ukingoni. Lakini ameyapima kwa sauti ya zamani. Hii mpya inataka kuvuta pumzi mara mbili pale ambapo ile ya kwanza haikuvuta hata mara moja. Anapogundua, amechelewa. Mlio wa kwanza unamkuta katikati ya sentensi. Wa pili pia.

Habari zinaanza kusomwa kutoka studio nyingine. Mlango unafunguliwa.

"Keki!" Nadeem anapiga kelele. Ndiyo desturi yao: anayekanyaga milio huwanunulia wenzake wa zamu keki. "Na usituletee za karoti, dada. Sisi si sungura."

Lorraine anacheka, kisha machozi yanamtoka. "Nadeem, wataniondoa."

"Nani kasema? Hakuna ambaye hajaikanyaga. Keki za Rhodri mwenyewe nimezila, tena zilikuwa kavu!"

Simu ya Lorraine inatetemeka mezani. Ni Enid, anapiga kutoka jikoni kwa Lorraine, mtaa wa Walthamstow, redio ikinguruma nyuma yake.

"Mwanangu, leo unakimbizwa na nani?"

"Mama, niko kazini."

"Najua, si nakusikiliza? Unasema mbio kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Hiyo sauti ni mgonjwa aliyetoka hospitali juzi. Mshike mkono, ashuke ngazi taratibu."

"Nafasi ni ndogo, Mama."

"Basi beba vitu vichache."

Lorraine anapangusa uso na kuchukua kalamu. Anafuta sifa za kipindi kijacho. Anafuta majina ya wageni ambao watajitaja wenyewe. Saa nne inapita salama, kisha saa tano, kisha adhuhuri. Koo linamwasha, lakini maneno yanatosha.

Mchezo wa alasiri unahusu mjane anayefunga duka lake la nyuzi za kufumia. Lorraine alikuwa ameuandikia aya nzima ya utangulizi, sasa ameifuta.

"Duka linafungwa leo," anasema. "Njoo ndani kwanza."

Kisha ananyamaza. Kimya kifupi kinapita, cha kumtosha mtu kuvuta kiti. Nyuma ya kioo, Nadeem amesahau kuinua dole gumba. Anasikiliza.

Saa tisa zamu inakwisha. Rhodri anaingia, mikono mfukoni.

"Umekanyaga milio."

"Nimekanyaga, bosi."

"Zamani ulikuwa unatueleza kila kitu, Lorraine. Leo nilikuwa nakusikiliza garini, nimeshaegesha hapo nje, nikashindwa kushuka." Anaangalia viatu vyake. "Kesho, zamu hii hii."

"Asante, Mungu wangu," Lorraine ananong'ona. Kisha kwa sauti: "Asante, bosi."

Bado kuna jambo moja analolitamani: kusoma tena taarifa ya hali ya hewa ya mabaharia. Hutajwa bahari moja baada ya nyingine, kuanzia kaskazini mashariki, mpaka kisiwa chote cha Uingereza kizungukwe, na msomaji hana pa kupumzikia. Anataka kuisoma kabla ya Krismasi. Kila jioni hufanya mazoezi jikoni, Enid akiwa hakimu, kikombe cha chai mkononi.

"Wiki iliyopita nilikohoa nikiwa mlangoni mwa Mto Thames," anasema akifunga koti. "Jana nimefika Bahari ya Ireland. Mama akaniambia, 'Tia nanga hapo, mwanangu, ukalale. Scotland haiendi popote.'"