Gitaa la Chini

Juzi pale kijijini Nandagala tulikuwa tunabangua korosho, redio ikapiga bendi ya zamani ambayo tangu usichana wangu naiita kelele za walevi. Nikanyoosha mkono wenye majivu ya kukinga mafuta ya maganda, niizime. Mjane niliyekaa naye mkeka mmoja akaudaka.

“Mwenzangu, ngoja. Hilo gitaa la chini ni marehemu mume wangu.”

“Alipiga katika bendi hii?”

“Ndiyo. Picha yake sina hata moja. Ninaye huyu wa redioni tu.”

Nikarudisha mkono, nikasikiliza. Chini ya tarumbeta zote, kweli kulikuwa na mtu anatembea taratibu kwenye nyuzi nzito za besi, kama anarudi kutoka shamba.

Sasa hata muziki wa wajukuu, kabla sijasema ni kelele, nasikiliza kwanza huko chini yupo nani.