Nati ya Juu Kwanza

Asubuhi hii Mzee wa Gia amelala chali juu ya boksi lililochanwa, chini ya gari kuukuu la mkunga, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mikono iko kwenye giaboksi. Macho yako kwingine: kwenye upenyo wa chini ya ua wa mabati, akihesabu magari yanayoingia gereji ya jirani.

"La tatu hilo," ananong'ona. "Na jua bado changa!"

Jirani mwenyewe si mtu baki. Ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye Mzee wa Gia mwenyewe ndiye aliyemfundisha kushika spana. Miaka minne iliyopita mdogo mtu alihamia upande wa pili wa mabati, akamwaga sakafu ya saruji, akanunua mashine ya upepo ya kufungulia nati. Wateja wakambatiza Kisasa. Tangu hapo kaka mtu, aliyezoea kupokea magari manane kwa wiki, akipata matatu hushukuru.

"Sifichi, roho inaniuma," anasema. "Akicheka na mteja kule, mimi huku hata chai hainipiti kooni."

Mkunga ndiye mteja pekee wa zamani ambaye hajahama. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba wa kazi magotini. Mchana ana wajawazito wanaomsubiri ng'ambo ya mlima, na gia za gari lake zimekuwa ngumu kuingia. Mzee wa Gia ameapa: huyu haendi kwa Kisasa.

Kubadilisha oili ya giaboksi si kazi ya kumtoa fundi jasho. Unalizungusha gari kidogo oili ipate moto, unafungua nati ya juu, ya kujazia, ndipo unafungua ya chini, ya kumwagia. Ya juu kwanza, siku zote. Kwenye magari ya umri huu nati hushikwa na kutu, na ukimwaga kabla hujaijaribu ya juu, ikigoma huna pa kujazia, gari haliondoki tena. Kila aliyejifunza kazi hapa aliimbishwa wimbo huo, Kisasa akiwa wa kwanza.

Upande wa pili mtu anaangua kicheko. Mzee wa Gia anageuza shingo achungulie, mkono ukiendelea na kazi wenyewe. Oili nyeusi inamwagika kwenye beseni, chwaa! Ndipo anapoitazama nati ya juu. Hajaigusa.

"Mama yangu!"

Anaivuta kwa spana, haitikisiki. Anaipaka mafuta ya kulainisha kutu, anaigonga kwa nyundo, anarefusha mpini kwa kipande cha bomba. Nati imenuna, na kona zake zinaanza kulika.

"Fundi, vipi huko?" mkunga anauliza.

"Inakuja, mama, inakuja."

"Kwa maneno hayo hunidanganyi, nayasikia kazini kila siku. Sema kuna nini."

Anasema. Mkunga anayatazama mabati. "Si umwite mdogo wako?"

"Bora niinywe hii oili."

"Mficha uchi hazai, fundi. Na kwa hilo usinibishie mimi."

Hana ujanja. Anagonga mabati kwa spana. "Wewe! Lete hiyo mashine yako."

Mpira wa kuleta upepo wa mashine unapenyezwa chini ya mabati, na Kisasa anazunguka kupitia mlangoni, anajikunja chini ya gari bega kwa bega na kaka yake. Analiona beseni lililojaa. Anaiona nati. Mzee wa Gia anasubiri kuchekwa.

"Nati za magari haya ni jeuri, kaka," Kisasa anasema, kwa sauti ya kumfikia mteja. "Hata mimi zinanitesa."

Mashine inanguruma, nati inaachia.

Oili mpya inajazwa mpaka inachuruzika tunduni. Mkunga anajaribu gia, zinaingia kimya. "Nitarudi kwenu," anasema, anaondoka. Kisasa naye anabeba mashine yake, anarudi kwake.

"Umesikia? Kwenu!" Mzee wa Gia analalamika. "Zamani alikuwa akisema kwako. Na huyo mdogo wangu naye, angenicheka ningepumua. Hata wema wake unaniudhi!"

Ila jioni hii, anasema, atamwita mdogo wake wazungumze. Anataka mabati yang'olewe, gereji iwe moja, kibao kimoja.

Anachungulia tena upenyoni. Gari la nne linaingia.

"Lakini jina langu ndilo litakaa juu," anasema. "Nilimfundisha mwenyewe: ya juu kwanza."