Nilivyomlisha Baba Mkwe Nikitazama Dirishani

Msinicheke sana. Tangu baba mkwe apate kiharusi, chakula humpalia. Muuguzi aliniambia nimpe uji mzito kidogo kidogo, nitazame koo mpaka ameze, ndipo nimwongeze. Lakini mimi ni mke wa mwanawe. Huku kwetu Nyamira, kumkodolea baba mkwe macho, tena akila, ni kumkosea heshima.

Basi asubuhi hiyo nikawa napeleka kijiko huku nikitazama dirishani. Ukungu ulipanda polepole kutoka shamba la chai, vilima vikaelea, nami nikaelea navyo. Bakuli likapungua. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba leo mzee anakula vizuri.

Mama mkwe akaingia, akasimama mlangoni. "Mama Brian, unalisha koti?"

Nikageuka. Uji wote ulikuwa umemwagikia lile bega la mzee lililokufa ganzi, ukashuka hadi mfukoni. Mzee naye alikuwa ameugeukia ukuta, kwa heshima ileile, midomo mikavu kabisa.

Akageuza kichwa taratibu. Tukatazamana, mara ya kwanza tangu niolewe.

"Niangalie tu, mama," akaniambia kwa shida. "Nina njaa."