Unga Mweupe Kabla ya Nyuzi

Saa sita mchana. Taa kubwa ya chumba cha upasuaji inamulika kichwa cha mama mmoja mshonaji nguo. Uvimbe uliokuwa ukimbana ubongo umeshatolewa, na kipande cha fuvu kimerudishwa mahali pake. Daktari ananyoosha mkono bila kuinua macho.

Muuguzi anamkabidhi kikombe kidogo cha chuma chenye antibiotiki ya unga. Daktari anainyunyiza kwenye kidonda taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga ya mgeni. Ndipo anaomba sindano na uzi.

“Hapo ndipo ninapopumua,” anasema muuguzi huyo baadaye, barakoa imemwachia alama mashavuni.

Wenzake wanamwita Mama Unga. Jina lilifika ukweni kabla ya maelezo yake.

“Mama mkwe alinikalisha chini. Akaniambia, ‘Mwanangu, kama ni shida ungesema. Lakini kuuza unga wa kulevya?’” Anacheka mpaka anafuta machozi.

Kicheko kinakatika anapomtaja kaka yake, fundi seremala aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Naye alipasuliwa kichwa. Aliamka, akaomba uji, akamtania mkewe. Familia ikadhani yamekwisha, kumbe kidonda kilikuwa na lake. Bandeji ikaanza kulowa usaha, homa ikapanda, akarudishwa kupasuliwa. Hakuamka tena.

“Uvimbe aliushinda,” anasema. “Kidonda ndicho kilichomshinda.”

Wakati huo muuguzi huyo alikuwa akizalisha wajawazito. Baada ya matanga aliomba kuhamishiwa upasuaji wa kichwa. Wenzake wakamshangaa: anaachaje kupokea wanaokuja duniani, akawaendee wanaochungulia kaburi?

Daktari alipoanza kutumia dawa hiyo ya unga, pamoja na ile ya kawaida ya mshipani, kuitayarisha likawa jukumu la muuguzi huyo.

“Si muujiza. Mikono ikiwa michafu, hakuna unga utakaokuokoa. Ila wanaorudi wodini kwetu na usaha wamepungua. Hilo naliona kwa macho yangu.”

Siku ya kutolewa nyuzi, mume wa mshonaji alisimama kando ya kitanda akiutazama ukuta.

“Dada, niambie ukweli tu,” akasema. “Kuna usaha?”

“Hakuna, shemeji. Pakavu kabisa.”

Akaketi sakafuni palepale.

“Inuka, baba watoto,” mkewe akamwambia. “Suruali hiyo ikichanika, fundi wako yuko likizo.”

Sasa muuguzi huyo anajiandaa kuzunguka hospitali ndogo ambako wagonjwa hawa hubadilishiwa bandeji wakisharuhusiwa. Anataka kuwafundisha wauguzi wa huko kukitambua kidonda kinachoanza kuharibika, mapema, kabla ya homa. Wakubwa wake wamekubali. Atatumia siku zake za mapumziko.

Je, wagonjwa aliowahudumia humkumbuka? Anatikisa kichwa.

“Kaka yangu namkumbuka kila siku. Hawa nataka wanisahau. Mtu nywele zikiota, akasuka, akaenda zake sokoni kubishania bei kama wengine, mimi nimemaliza kazi.”