Leokadia Awafundisha Akina Mama Kunyamazia Bata

Ni asubuhi ya Jumamosi, Januari 1998. Leokadia amesimama kando ya ziwa dogo la Germantown, Maryland, kidole mdomoni. Hakuna anayemtazama. Akina mama wa kwaya aliowaleta kutazama ndege wanasalimiana, na salamu ndiyo kwanza zimefika kwa wajukuu.

"Jamani, bata!" ananong'ona.

"Wako wapi?" anauliza Généreuse, Mkongo mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Bata wanaruka. Wote. Panabaki barafu pembeni na maji matupu katikati.

Leokadia, mzaliwa wa Bukoba, ni mfanya usafi katika kituo cha wageni cha hifadhi ya ziwa hili, kwa dola saba kwa saa. Leo anajaribiwa: akiwaonyesha wenzake ndege, nao wakataka kurudi, atakabidhiwa kazi ya kuongoza matembezi ya kutazama ndege kila Jumamosi. Msimamizi wake, mama wa Kimarekani, yuko nyuma yao, mikono mfukoni.

"Basi, nimerudi kwenye ndoo na dekio," anasema Leokadia.

"Dada Leo, miye niko nakufa na baridi," Généreuse analalamika. "Ndege gani mwenye akili anakuja huku?"

"Wanatoka Kanada, dada. Kwao hapa ndiyo Mombasa."

Wanaangua kicheko. Korongo mmoja aliyekuwa amebaki ukingoni, naye anaaga.

Hapo Leokadia anafungua kapu. Anagawa maandazi na chai ya tangawizi. Mwanamke anaweza kukataa kunyamaza. Lakini kusema huku anatafuna, mbele ya mke wa mchungaji aliye kati yao, hathubutu.

Kimya. Bata wanarudi mmoja mmoja, vichwa vyekundu kama vimepakwa hina. Mara tai mwenye kichwa cheupe anaporomoka kutoka juu ya mti, anakwapua samaki mbele ya macho yao na kupaa naye!

Andazi linamdondoka Généreuse. Hapigi kelele. Anaukamata mkono wa msimamizi na kuubana, machozi yakimlengalenga.

"Tunarudi lini?" ananong'ona. Wenzake wanaapa hawajawahi kumsikia akinong'ona.

Leokadia anatafsiri. Msimamizi, akiusugua mkono wake, anamwambia: Jumamosi ni zako.

Leokadia anaruka kama msichana. "Kabla ndege hawajarudi kwao mwezi wa tatu, nataka kila mtoto wa kanisa letu awe amewaona," anasema. "Waume watakuja mwisho. Hao wakimwona bata, watauliza sufuria iko wapi."